Vitambaa vya Mwalimu

Ukitaka kumjua Fundi, achana na uso wake, tazama mikono. Hakuweza kuketi dakika tano bila kujikuna. Kazi yake ilikuwa kutengeneza miguu ya bandia katika karakana iliyokuwa nyuma ya hospitali, na miguu hiyo aliitengeneza kwa nyuzi za kaboni, vitu vyembamba kuliko unywele, vyeusi ti, ambavyo vikikatwa hutoa vumbi linaloingia kwenye ngozi na kuhamia humo kabisa. Glavu alivaa, mikono mirefu alivaa, na bado aliwashwa. Mkewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata nyumbani aliitwa Mwalimu. Kila alipomwona anajikuna alimwambia, "Kosa lako hukuoa nyani. Nyani angekukuna."

Mwalimu mwenyewe alikuwa na mguu mmoja na nusu. Ajali ya barabarani, miaka minne nyuma, ilimwachia mguu wa kushoto unaoishia chini ya goti. Mguu wa kwanza aliopewa ulikuwa na unyayo wa mpira, mzito, na ikifika saa sita mchana alikuwa amechoka kana kwamba amebeba mtoto mgongoni tangu asubuhi. Ndipo mumewe akaapa atamtengenezea unyayo wa kaboni, mwepesi, unaopinda ukikanyagwa na kumrudishia mtu nguvu yake anapoinua hatua.

Shida ni kwamba unyayo wa kaboni ni tabaka juu ya tabaka. Unalaza nyuzi, unapaka gundi, unalaza nyingine, mpaka zifike ishirini, kisha unaupika kwenye oveni. Nyayo za Fundi zilikuwa zikikaa miezi kadhaa, halafu tabaka zinaanza kuachana. Alilaumu gundi miaka mingi. Binti yake, aliporudi na shahada yake ya kemia na kuajiriwa karakana hiyo hiyo, alimwambia anaionea gundi bure.

"Baba, nyuzi zikitoka kiwandani zina utelezi. Wewe unaweza kupaka rangi ukuta uliopakwa mafuta?"

"Siwezi."

"Basi gundi nayo haiwezi."

Mbinu aliyoileta haikuwa uchawi. Nyuzi zinaoshwa kwanza ule utelezi wa kiwandani, kisha zinalowekwa kwenye asidi ya moto kiasi, ili uso wake uchubuke na upate mahali pa gundi kushika. Halafu zinasuuzwa kwa maji safi mara nyingi, zinalazwa juu ya vitambaa vya pamba, zinafunikwa kwa vitambaa vingine, zinakamuliwa maji polepole kwa viganja, na zinaingia kwenye oveni kukauka. Vitambaa hivyo vilifuliwa na Mwalimu. Alijitolea mwenyewe. Alisema mguu ni wake, na hawezi kukaa tu kama mgeni kwenye shughuli ya mguu wake.

Karakana ilikuwa na desturi moja ambayo Fundi aliianzisha mwenyewe, akaisimamia kama sheria. Kila unyayo ulipotengenezwa, kando yake kilitengenezwa kipande chembamba, urefu wa kiganja, kwa nyuzi zile zile na gundi ile ile, siku ile ile. Kipande hicho walikiita shahidi. Shahidi huwekwa juu ya vyuma viwili, jeki ya mkono inamkandamiza katikati, na saa ya kipimo iliyo pembeni inaonyesha amevumilia kiasi gani. Mshale ukipita mstari mwekundu ndipo avunjike, unyayo unatoka. Akivunjika kabla, unyayo unatupwa, hata kama ni mzuri wa kupigwa picha.

Mashahidi watatu wa kwanza wa mbinu mpya walipita mstari ule kwa kishindo. Fundi alifurahi hadi akawaonyesha madaktari wa hospitali, ambao waliitikia kwa vichwa, kwa adabu, na kurudi kwenye kazi zao. Wiki iliyofuata alitengeneza unyayo wa mkewe. Ulikuwa mzuri. Mwalimu aliuvaa Jumapili, akazunguka nyumba mara nne bila fimbo, na Jumatatu akaenda nao darasani.

Jumatano, alipokuwa akigeuka kutoka ubaoni, unyayo ulifunguka. Haukukatika, ulifunguka tu, tabaka moja huku, nyingine kule, na Mwalimu akaanguka mbele ya wanafunzi arobaini. Alirudishwa nyumbani na mwalimu mkuu. Mumewe alipofika mbio alimkuta amekaa kitandani, goti limevimba, na utani haujamwisha bado. "Ng'ombe akivunjika mguu hukimbilia zizini," alisema. "Nimekimbia sana leo." Kisha utani ukamwisha. Akamtazama mumewe akasema, "Sikiliza, baba watoto. Nakupenda. Lakini kwenye mguu uliotengenezwa na mikono yako sipandi tena."

Hilo ndilo lililomkosesha Fundi raha. Unyayo kuharibika ni jambo la kazi, mtu anatengeneza mwingine. Ila mke aliyekaa naye miaka ishirini na tisa kuogopa kazi ya mikono yake, hilo si jambo la kazi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa ameumwa na nyoka wa nyumbani kwake. Mwalimu alirudia magongo. Shule zikafungwa, na zingefunguliwa baada ya wiki tatu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Fundi alikuwa hajamwambia mtu. Unyayo ule haukuwa na shahidi. Nyuzi zilizotayarishwa zilikuwa za kutosha unyayo tu, na kutayarisha nyingine kungemchukua siku mbili, na yeye alitaka mkewe aumalize muhula akiwa amesimama. Binti yake siku hiyo alikuwa kwenye semina. Alipompigia simu kuuliza, "Shahidi je, baba?" Fundi alijibu, "Hana neno." Moyoni alijiambia anawasemea wale watatu waliotangulia. Mwongo mzuri ni yule anayeanza kwa kujidanganya mwenyewe.

Sasa walikuwa wakitengeneza mashahidi watupu, bila nyayo, kutafuta kosa. Na kosa lilikuwa la ajabu. Mashahidi wa nyuzi zilizolowekwa kwenye asidi walivunjika mapema kuliko mashahidi wa nyuzi zisizofanyiwa kitu chochote. Binti alichukua kipande kilichovunjika, akakiweka chini ya hadubini, akamwita.

"Tazama, baba. Nyuzi zimechomoka zikiwa tupu. Hakuna hata punje ya gundi juu yake."

Fundi alitazama. Zilikuwa safi, zinang'aa, kama vijiko vilivyolambwa.

"Asidi yako imezila," alisema.

"Zingeliwa zingekatika. Hizi hazikukatika. Zimeteleza."

"Basi gundi imezeeka."

"Gundi hiyo hiyo imeshika zile zisizooshwa." Binti alikaa kwenye kigoda akavua miwani. "Tunabadilisha kitu kimoja kimoja. Leo asidi mpya. Kesho maji mapya. Kesho kutwa joto la oveni. Kinachonishinda ni ule unyayo wa mama. Shahidi wake alipita, halafu wenyewe ukafunguka. Haiingii akilini."

Fundi alijikuna mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akakumbuka ana jambo la kufanya stoo.

Siku tisa zilipita hivyo. Asidi mpya, vile vile. Maji mapya, vile vile. Jioni nyumbani Mwalimu alikuwa akikunja vitambaa, magongo yameegemezwa ukutani, na mara kwa mara aliuliza, "Mikono inaendeleaje?" Tangu waanze kuosha ule utelezi, nyuzi zilikuwa zinatoa vumbi zaidi, na mwanzoni Fundi aliwashwa hadi akakosa usingizi. Lakini kweli, siku hizi shati la kazi halikumchoma shingo kama zamani.

"Afadhali," alijibu.

"Nilijua," alisema Mwalimu, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Fundi hakuuliza alijua nini. Mwanamume akiona mkewe ametabasamu baada ya siku nyingi, hachunguzi.

Siku ya kumi ilinyesha mvua, na vitambaa havikukauka. Binti hakutaka kupoteza siku. Alitoa karatasi za kuchujia kutoka kwenye boksi lake la maabara, akalaza nyuzi juu ya hizo, akazikausha. Jumamosi walimweka shahidi huyo kwenye jeki. Fundi alianza kupampu huku ameshakunja uso tayari kwa mlio wa kuvunjika. Mshale ulifika kwenye mstari mwekundu. Ukapita. Ukaendelea kupanda, na Fundi akaendelea kupampu, na kipande kilipovunjika hatimaye, kilivunjika kwa mlio mkubwa hadi njiwa wa kwenye paa waliruka.

Walitazamana.

"Asidi ile ile," alisema binti.

"Maji yale yale."

"Kitu kimoja tu kimebadilika."

Fundi alikwenda kwenye kabati, akatoa kitambaa kimoja kilichokunjwa vizuri, pembe kwa pembe, akakiweka puani. Kilikuwa na harufu ya maua. Alikuwa ameinusa harufu hiyo wiki kadhaa bila kuifikiria, kwa sababu ilikuwa ndiyo harufu ya shati lake, ya mto wake, na ya nyumba yake.

"Kilainisha nguo," alisema binti yake polepole. Alikichukua kitambaa akakinusa naye. "Baba, ile dawa ni utelezi mtupu, na inang'ang'ania chochote inachokigusa kuliko sabuni. Na nyuzi zetu tumezichubua ili zishike. Hazikujua zinangoja gundi. Zimeshika cha kwanza kilichozigusa. Kadiri tulivyozitayarisha vizuri, ndivyo zilivyoibeba ile dawa vizuri, ndiyo maana zisizooshwa ziliwashinda mashahidi wetu." Alicheka kidogo, furaha ya mtu aliyepata jibu, halafu kicheko kikakatika. "Mama."

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako ilimjia Fundi kichwani, akaifukuza. Haikuwa haki. Methali hiyo ni ya adui, na huyu hakuwa adui.

Binti alikuwa bado anafikiri. "Lakini shahidi wa unyayo wa mama angetuonya. Angevunjika mapema kama hawa." Kisha akamtazama baba yake. Fundi alikuwa anajikuna.

"Hakuwepo," alisema Fundi. "Nyuzi hazikutosha. Nikakudanganya."

Binti alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu, akalitundika koti lake la kazi, akaenda zake. Mlangoni aligeuka. "Hilo la kitambaa tutamwambia mimi na wewe. Hilo la shahidi ni lako peke yako."

Nyumbani, Fundi alikwenda bafuni moja kwa moja. Nyuma ya sabuni ya unga palikuwa na chupa ya rangi ya waridi, imebaki robo. Aliirudisha mahali pake taratibu. Na hapo, nasikitika kusema, akafanya kile ambacho watu wenye huruma hukifanya wanapokosa ujasiri. Alimwambia mkewe kwamba karakana imeanza kutumia karatasi, asijisumbue tena na vitambaa.

Mwalimu alikuwa na kitambaa mkononi. Alikiweka juu ya rundo, akalisawazisha rundo kwa kiganja.

"Mguu mlichukua," alisema. "Darasa limekwenda. Sasa na vitambaa?"

"Ni kukupunguzia kazi, mama."

"Nimekuomba unipunguzie?"

Usiku huo, kwenye chakula, binti alimtazama baba yake juu ya sahani hadi chakula kikamshinda.

Asubuhi Fundi hakwenda karakana mapema. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, mkewe akiwa upande wa pili wa meza anamenya viazi, akamwambia habari ya kitambaa. Aliisema vibaya, akianzia mwisho na kurudi mwanzo, ila aliisema. Mwalimu aliendelea kumenya.

"Kile kilainisha nguo nilianza kukiweka ulipokuwa hulali, wiki ile ya mguu wangu," alisema. "Nilikuonea huruma. Nikasema vikiwa laini, vumbi halitakushika."

"Najua."

"Hujui. Unaniambia tu. Nionyeshe." Aliweka kisu chini. "Miaka thelathini nawaambia watoto, usiniletee jibu bila kuonyesha njia."

Fundi alikuwa amekuja amejiandaa, maana alimfahamu mwanamke huyo. Alitoa mfukoni pakiti mbili, kila moja ina kipande cha nyuzi kilicholowekwa kwenye asidi. Kimoja kilikaushwa kwa karatasi, kingine kwa kitambaa cha nyumbani. Alivilaza mezani kati ya maganda ya viazi, akadondosha tone la maji juu ya kila kimoja. Kwenye cha kwanza tone lilitandaa na kuzama mara moja. Kwenye cha pili lilikaa juu, duara, likatetemeka meza ilipoguswa, lisiingie.

Mwalimu alilitazama lile tone muda mrefu. Alilisukuma kwa ncha ya kisu, likabingirika.

"Kwa hiyo nilijiangusha mwenyewe," alisema.

Hapa ndipo Fundi angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi kabisa, na kosa lote lingekuwa la mtu mwingine. Nampa heshima yake, hakunyamaza.

"Hapana. Kila unyayo una shahidi wake, unajua. Kama nyuzi hazikushika, shahidi anavunjika na unyayo hautoki. Wako haukuwa na shahidi. Nilikuwa na haraka nikamwacha. Mtoto aliponiuliza nikamdanganya."

Mwalimu aliinua macho. Machozi yalikuwa yameshamlenga kwa ajili ya kosa lake mwenyewe, na sasa yakakauka.

"Mimi nilikosea bila kujua," alisema. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Watoto arobaini waliniona nikiwa chini."

"Ndiyo."

Alirudia viazi vyake. Fundi alichukua kofia yake akaenda kazini.

Siku tatu Mwalimu hakumsemesha zaidi ya karibu chakula na funga mlango. Fundi hakujitetea. Alitengeneza unyayo mpya, na kando yake shahidi, na unyayo huo akauweka kwenye rafu ukiwa hauna mwenyewe. Shahidi hakumvunja. Binti alipouliza anangoja nini, alisema hajui.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, magongo yalisikika koridoni. Mwalimu aliingia karakana akiwa amejifunga kifurushi mgongoni kwa kanga. Alikitua mezani akakifungua. Vilikuwa vitambaa vyote, ishirini na vinne, vimekakamaa kama mbao.

"Nimevichemsha," alimwambia binti yake, bila kumtazama mumewe. "Mara tatu. Nikavisuuza hadi mikono ikafa ganzi. Ile chupa nimempa jirani. Sasa leta tone lako."

Binti alichukua kipande cha nyuzi kilicholoweshwa, akakikamulia ndani ya kitambaa kimoja, wakakiingiza kwenye oveni, wakangoja. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, mgongo wima, kama anayesimamia mtihani. Kipande kilipotoka alidondosha tone mwenyewe. Likatandaa, likazama.

"Vingine navyo," alisema. "Hatupimi mwanafunzi mmoja tukasema darasa limefaulu."

Walipima vyote. Viwili havikufaulu, akavirudisha kwenye kanga akachemshe tena. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama Fundi.

"Ule ulio kwenye rafu ni wangu?"

"Ni wako ukiutaka."

"Shahidi wake yuko wapi?"

Fundi alifungua droo akamtoa. Mwalimu alimpokea, akamgeuza huku na huku, akasoma tarehe iliyoandikwa pembeni. Akajisogeza hadi kwenye jeki, akaegemeza gongo moja ukutani.

"Nitampampu mwenyewe."

Hakuna aliyebisha. Fundi alimwekea kipande juu ya vyuma na kusogea nyuma, kwa sababu alijua hapaswi kugusa kitu kingine. Mwalimu alipampu kwa mkono mmoja, macho kwenye saa. Mshale ulipanda polepole. Ulipofika kwenye mstari mwekundu alisimama, akavuta pumzi, akaendelea. Alipampu hadi jasho likamtoka, na shahidi akawa anapinda tu, anapinda bila kuachia. Alipovunjika, Mwalimu alikiokota kipande kimoja mwenyewe akakipeleka kwenye hadubini, akainama.

"Nyuzi zimeshikwa na gundi," alisema. "Zimevaa." Alibaki ameinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoinuka alifuta macho kwa kiwiko. "Haya. Nivalishe."

Fundi alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akamfungia mguu, bolti moja baada ya nyingine, na kwa sababu ya vumbi la siku tatu za kazi mikono yake iliwashwa vibaya mno, ila hakuthubutu kuiachia bolti. Mwalimu alisimama. Alihamishia uzito upande wa kushoto, kidogo, kisha wote. Akapiga hatua hadi dirishani, akarudi.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua, mama."

"Uendelee kujua." Alikaa kwenye kigoda mbele yake, akamwambia alete mikono. Fundi aliinyoosha, amepiga magoti bado. Ilikuwa imejaa vipele vyekundu hadi kwenye viwiko, kama ilivyokuwa kabla ya ile chupa. Mwalimu aliitazama, akaguna, akaivuta mapajani mwake, na akaanza kumkuna.